Kuandaa Tunda la Bael kwa Utaratibu wa Ayurveda

Bael, ambao kwa jina la kitaalamu ni Aegle marmelos, ni mti wenye miiba wa jamii moja na michungwa, na huota wenyewe katika misitu mikavu ya India na nchi jirani. Mizizi yake huingia katika dashamula, mchanganyiko mashuhuri wa mizizi kumi, lakini hapa nitashughulikia tunda peke yake.

Hatua ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua mengine yote, ni kutambua tunda limekomaa kiasi gani. Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, husifu matunda mengi yakiwa yameiva, ila bael huhesabiwa bora likiwa bichi: tunda bichi hutumika kufunga tumbo linaloharisha, ilhali bivu hulainisha choo na ni zito tumboni, hivyo anayempa mtu anayeharisha sharubati ya tunda bivu anaweza kumzidishia tatizo. Bichi lina ganda la kijani, na bivu, linalofikia hali hiyo baada ya takriban miezi 10 mtini, huwa la manjano na hunukia.

Hatua ya pili ni kukausha. Kata tunda bichi vipande vyembamba, uvianike hadi vikauke kabisa, kisha uvihifadhi katika chombo kisichopitisha unyevu.

Hatua ya tatu ni kuchemsha. Kwa kuwa vipande hivi ni vigumu, kanuni ya zamani hudai sehemu moja ya dawa kwa 16 za maji. Tia gramu 10 katika mililita 160, uchemshe kwa moto mdogo bila kufunika hadi zibaki mililita 40, uchuje, na mtu mzima anywe ikiwa vuguvugu.

Tunda bivu ni la sharubati ya kiangazi. Pasua ganda, loweka nyama katika maji, uivuruge kwa mkono na kuichuja taratibu bila kuponda mbegu, kwani zimezungukwa na ute unaonata, kisha uongeze sukari guru na iliki.

Dawa hii haichukui nafasi ya maji ya chumvichumvi ya kunywa, na mwenye homa, choo chenye damu au dalili za kuishiwa maji apelekwe hospitali mara moja. Mjamzito asiitumie bila ushauri wa daktari, na vivyo hivyo anayetumia dawa za kisukari, kwa sababu bael inaweza kushusha sukari ya damu.