Kufundisha madogo kuandika kwa michezo (walimu wa Kiswahili njooni hapa)

Kama umewahi kusahihisha insha 70 na karibu zote zinaanza "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua limechomoza na ndege wanaimba" basi unanielewa. Mi nafundisha form two hapa Kigoma na nimeacha kabisa kuwaambia "tumieni ubunifu", hilo neno halimsaidii mtoto chochote, anabaki anakutolea macho tu. Mpe kasharti kamoja ka ajabu, uone.

Anza na karatasi ya kukunja. Washairi wa Paris walikuwa wanaucheza huu mchezo toka 1925 na hauna gharama, chukua mitihani ya zamani, upande ambao haujaandikwa, chana vipande, watoto wakae watatu watatu. Wa kwanza anaandika nani pamoja na sifa yake, anakunja mwenzake asione, wa pili anaandika kafanya nini, wa tatu wapi, af mnafungua. Ila kwa Kiswahili kuna mtego, ngeli, maana wa kwanza akiandika "mtumbwi mchovu" na wa pili akaja na "alikula" sentensi imekufa hapo hapo. Kwa hiyo kila raundi tangaza ngeli ubaoni, mfano raundi hii ni U-I na kitenzi kianze na "uli". Kwangu ilitoka hivi: Mtumbwi mchovu ulimsalimia mkwe wake juu ya paa la stesheni. Darasa zima lilicheka, na hapo walikuwa wamefanya upatanisho wa kisarufi nusu saa nzima bila mtu kulalamika.

Wakishazoea, funga herufi, yaani chagua moja isitumike kwenye neno lolote. Kuna kundi la waandishi lilianzishwa Ufaransa 1960, linaitwa Oulipo, hii ndo kazi yao, kuandika huku wamejinyima kitu. Mi nilifunga herufi "a". Kwa Kiswahili hiyo ni adhabu kweli kweli, samaki hakuna, dagaa hakuna, mama hakuna, na vitenzi karibu vyote vinaishia na "a", naenda nacheka nalala vyote vimeondoka. Nikawapa dakika 10. Wakapiga kelele kwanza, mwalimu haiwezekani, nikanyamaza. Kumbe binti mmoja wa dawati la nyuma kashagundua kwamba ukikanusha wakati uliopo kitenzi kinaishia na "i", akaandika:

"Siendi sokoni leo. Sioni mtu, sisikii neno, sipendi kitu."

Huyu ndo yule wa ndege wanaimba! Hakuna aliyemwambia aandike huzuni, njia ya naenda na nacheka ilikuwa imefungwa akapita iliyobaki. Nilimwomba asome mara mbili na darasa lilitulia kimya kabisa. Wengine wakaja na "twende tupike", wengine wakagundua kurudi, kujibu na kusubiri haviishii na "a", yaani sarufi ambayo ningeichapa ubaoni wiki nzima wameichimbua wenyewe. Ila usianze na "a" siku ya kwanza, watakata tamaa, anza na "o".

Vitendawili nao wanavijua toka nyumbani kwa hiyo sielezi sana, sharti ni moja tu, kitu kiwe cha kwao na kisitajwe. Kijana anayetokea Kibirizi, kwa wavuvi hapa Kigoma, akatega: "Naita wageni usiku, asubuhi wanaanikwa juani." Ni taa ya kuvulia dagaa.

Kosa nililofanya mimi ni kutoa maksi. Siku niliyoingia na peni nyekundu wote walirudi kwenye Jumamosi yao, hata yule binti. Sa hivi nikiwapa mchezo na mimi naandika, tena nasoma ya kwangu kwanza hata kama ni mbovu. Mwisho wa kipindi kila mtu anachagua sentensi yake moja tu, hiyo anaenda kuikuza nyumbani iwe insha kamili yenye utangulizi na aya zake kama mtihani unavyotaka, na hiyo ndo nasahihisha.

Yule wa taa nilimwongezea swali, maana watoto wa huku wanajua mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa wanapumzika. Nikamwambia andika usiku huo, taa imewekwa kwenye kona ya nyumba, haijawashwa, inawaza nini. Kaandika kurasa tatu.