Mashine ya unyevu kwenye tanuru la nyumba: jinsi ya kuiweka na kuitunza huku Minnesota

Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa haijui hewa kavu mpaka aupitishe Januari wa kwanza Minneapolis. Midomo inapasuka, watoto wanatokwa damu puani, ukigusa kitasa unapigwa shoti, na sakafu ya mbao iliyokuwa imeshikana vizuri kiangazi inafunguka nyufa. Mimi ni fundi wa joto na viyoyozi, na wateja wangu wengi ni watu wa kwetu, Wakenya wa Brooklyn Park na Watanzania na Wakongo waliotawanyika mitaa ya jirani. Ombi lao halibadiliki: "Fundi, tufungie ile mashine ya unyevu, na uiweke juu kabisa."

Kuifunga nitawafungia kwa moyo mmoja. Kuiweka juu kabisa, hapana.

Wengi hudhani tanuru, ile mashine inayopasha hewa joto na kuipuliza vyumbani, ndilo linalokausha hewa. Tanuru linaipasha tu. Hewa ya nje ikiwa nyuzi -20 Selsiasi, kila mita ya ujazo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 1 hivi ya mvuke. Hewa hiyohiyo ikipenya ndani na kupashwa mpaka nyuzi 21, ina nafasi ya gramu 18. Gramu 1 ndani ya nafasi ya 18 ni unyevu wa asilimia 5 au 6. Kwa hiyo nyumba inayokauka sana mara nyingi ni nyumba inayovuja hewa: kwenye fremu za madirisha, chini ya mlango wa mbele, kwenye mfuniko wa dari. Ziba huko kwanza. Ni kazi ya bei nafuu, na gesi pia itapungua.

Kisha nunua kipima unyevu kidogo, ukiweke sebuleni mbali na jiko na bafu, ukitazame kwa siku kadhaa za baridi kali. Nimeingia nyumba mpya zilizobana vizuri, familia ya watu sita, sufuria ya maharage inachemka mchana kutwa na nguo zinaanikwa ndani. Kipimo kinasoma asilimia 40 bila mashine yoyote. Nyumba kama hiyo haihitaji mashine, na ikiwa vioo vya madirisha tayari vinatiririka maji asubuhi, usiongeze hata tone.

Ukiona kipimo kimekaa chini ya 25 wiki nzima, hapo tuzungumze.

Aina ziko tatu. Ya kwanza haina feni yake: inakaa ubavuni mwa sanduku la bati la hewa ya tanuru, na bomba la bati la inchi 6 linaiunganisha na sanduku la upande wa pili (moja hubeba hewa ya moto, jingine hewa inayorudi kutoka vyumbani), ili msukumo wa feni ya tanuru upitishe hewa kwenye pedi yenye maji. Ya pili ina feni yake na haihitaji bomba hilo. Ni nzuri pale besimenti ilipobana. Ya tatu inachemsha maji kwa umeme na kutoa mvuke. Ina nguvu, lakini inataka laini yake ya umeme, na hiyo mwachie fundi umeme. Nyumba nyingi za kawaida nazifungia ya kwanza. Haina vitu vingi vya kuharibika, na mwenye nyumba anaweza kuitunza mwenyewe.

Kabla ya kugusa bati, zima swichi ya tanuru na breka yake, na funga maji. Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Uliza pia ofisi ya ukaguzi ya mji wako kama kazi hii inataka kibali. Bomba la gesi usiligeuze wala usilisogeze.

Sasa mahali pa kukata, na hapa naomba usome polepole. Juu ya tanuru, ndani ya sanduku la hewa ya moto, mara nyingi kuna koili ya kiyoyozi, yaani mabomba membamba yanayopoza hewa kiangazi. Huioni kwa nje. Unaona bati tu. Drili ikiipata, gesi ya kiyoyozi inatoka, na unachokabiliana nacho ni gharama ya koili mpya. Tazama yale mabomba mawili ya shaba yanayotoka nje yanaingia wapi, fungua mlango wa koili kama upo, upime urefu wake. Mashine ikae juu ya koili na nafasi ya kutosha, au ihamishie upande wa hewa inayorudi. Aina nyingi zisizo na feni zinakubali pande zote mbili.

Bandika karatasi ya kipimo iliyokuja na mashine, kisha weka pima maji juu yake. Mashine ikilala upande, maji yatashuka upande mmoja wa pedi na nusu nyingine itabaki kavu msimu mzima. Chora, toboa kona, kata kwa mkasi wa bati ukiwa na glavu nene, maana bati lililokatwa ni wembe. Funga fremu kwa skrubu za bati. Kata tundu la mviringo upande wa pili, unganisha bomba la inchi 6, na uzibe maungio yote kwa utepe wa alumini. Ule utepe wa kitambaa wa kijivu gundi yake hukauka kwa joto na kubanduka, hivyo usiutumie hapa.

Kwenye maji, ndani ya boksi utakuta pengine kile kivali kinachotoboa bomba kwa sindano. Mimi sikifungi. Kinaziba kwa chokaa, na ukikigusa baada ya miaka michache kinaanza kuvuja juu ya vitu vyako. Muite fundi bomba aweke tii (ungio la njia tatu) na koki ndogo ya kweli, kisha mrija wa inchi robo uende kwenye vali ya umeme ya mashine. Mrija wa kutolea maji nao ushuke moja kwa moja mpaka kwenye tundu la maji sakafuni, bila kupanda popote wala kujikunja. Maji mengi yatatoka huko bila kugeuka mvuke. Usishtuke, hayo ndiyo yanayosafisha chokaa kwenye pedi.

Umeme wa mashine hii ni volti 24. Bodi nyingi za tanuru zina pini iliyoandikwa HUM, lakini usiiamini kwa jina tu: kwenye matanuru mengine inatoa volti 24, kwenye mengine 120, na hiyo 120 itaunguza vali na inaweza kukuumiza. Soma mchoro ulio nyuma ya mlango wa tanuru, na upime kwa mita. Kama hujawahi kushika mita, lipa mtu kwa hatua hii moja.

Washa kila kitu, pandisha kidhibiti cha unyevu, kile kifaa unachochagulia asilimia unayotaka, na tanuru liwe linapuliza. Utasikia mlio mdogo wa vali, na baada ya dakika chache maji yaanze kutoka kwenye mrija wa chini. Pitisha kidole kavu kwenye kila ungio. Baada ya hapo rudisha kidhibiti chini.

Kwa kidhibiti, fuata baridi ya nje. Nje ikiwa -7 Selsiasi, weka asilimia 35. Ikiwa -12, weka 30. Ikiwa -18, weka 25. Ikiwa -23, weka 20. Ikiwa -29 au chini ya hapo, 15 inatosha. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika -33. Siku kama hiyo mashine unaweza kuizima kabisa. Najua asilimia 35 ni kidogo kwa pua iliyozoea bahari. Lakini unyevu unaouona ukitiririka kwenye kioo unafanya vilevile ndani ya ukuta na juu ya dari, mahali usipopaona, na huko unazaa ukungu unaoozesha mbao na kuwasumbua hasa watoto wenye pumu. Nimevunja kuta za jipsamu zilizokuwa nyeusi kwa nyuma, na sebuleni kidhibiti kimewekwa 45 katikati ya Januari. Kuna vidhibiti vyenye kihisi cha nje vinavyojirekebisha vyenyewe; ukiwa na uwezo, nunua hicho.

Kuhusu matunzo: pedi, ule wavu wa alumini ulio ndani, badilisha kila mwaka mwanzoni mwa msimu. Usiisugue ili uirudishe. Mji wa Minneapolis unachota maji Mississippi na kuyapunguza ugumu kabla ya kuyaleta kwako, lakini miji mingi ya pembeni inatumia visima na maji yake ni magumu. Huko angalia pedi tena katikati ya msimu, na ikiwa nyeupe na ngumu kama jiwe, itoe. Pedi nyingi zina alama ya rangi kuonyesha upande wa juu. Kitrei cha juu kinachogawa maji kiloweke kwenye siki usiku mmoja, ukisuuze, uhakikishe vijitundu vyote viko wazi. Maji yakija kwa unyonge, fungua ungio la vali: humo kuna kichujio na tundu dogo sana ambalo chembe moja ya chokaa inatosha kuliziba. Mrija wa chini umwagie maji ya moto uone kama yanapita.

Mwezi wa nne au wa tano, joto likirudi, zima kidhibiti, funga koki ya maji, toa pedi ya zamani, na geuza kilango kinachofungua na kufunga njia ya hewa kwenye bomba la inchi 6, kiwe kwenye alama ya kiangazi, yaani kimefungwa. Hiki kilango husahauliwa kuliko kitu kingine chochote. Kikibaki wazi, hewa baridi inazunguka kwa njia ya mkato badala ya kwenda vyumbani, na koili inaweza kuganda barafu. Ukinipigia Julai kwamba kiyoyozi hakipozi, swali langu la kwanza litakuwa hilo.