Jinsi ya Kuomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa Shamba la Kijijini

Tanzania Bara, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anachomiliki mwananchi ni haki ya kuikalia na kuitumia. Kijijini haki hiyo huitwa hakimiliki ya kimila, nayo inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo imeipa hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa, ile inayotolewa mijini, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hati ya kimila ni karatasi tu.

Kabla ya kuomba, muulize Mtendaji wa Kijiji kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, ambacho huthibitisha mipaka yake, na kama kina mpango wa matumizi ya ardhi, unaoonyesha wapi ni mashamba, wapi ni malisho na wapi pameachwa kwa akiba. Shamba lililoangukia ndani ya malisho ya pamoja litazua mgogoro hata kabla halijapimwa.

Fomu ya maombi hupatikana katika ofisi ya kijiji. Anaweza kuomba mtu mmoja, familia au kikundi, na familia inapoomba ni lazima watu wasiopungua wawili watie saini. Hapa ndipo panapohitaji utulivu kuliko pengine pote, kwa sababu jina lisiloandikwa leo hugombaniwa msibani kesho. Sheria inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Wanandoa wanaolima shamba moja waandikwe wote wawili, tena waeleze aina ya umiliki: katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki haki yote hubaki kwa aliye hai; katika umiliki wa hisa, fungu la marehemu huenda kwa warithi wake.

Hatua inayofuata ni uhakiki wa mipaka. Siku ya kupima, majirani wa pande zote wawepo shambani, watembee pamoja na wapimaji kutoka kona hadi kona, na wakubaliane kama mpaka ni mstari wa minyaa, ni masale au ni mfereji, ndipo watie saini. Jirani aliyesafiri atume mtu anayemwamini. Ubishi ukitokea, shauri lipelekwe Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza hili si Halmashauri ya Kijiji, ingawa watu wengi huvichanganya vyombo hivi viwili na kupeleka malalamiko mahali pasipohusika.

Halmashauri ya Kijiji inapaswa kuamua ombi ndani ya siku 90, lakini haiwezi kutoa haki hiyo bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa hiyo hudhuria mkutano huo. Ombi likikubaliwa utapewa barua ya toleo yenye masharti, nawe una siku 90 za kujibu kwa maandishi kwamba umeyakubali. Jibu la mdomo halitoshi, hata kama Mwenyekiti ni ndugu yako.

Hati yenyewe husainiwa na Mwenyekiti na Mtendaji, nawe unatia saini au dole gumba chini ya kila ukurasa, kisha Afisa Ardhi wa Wilaya huisaini, huipiga muhuri na kuisajili. Isome kabla ya kusaini: linganisha jina na kitambulisho chako cha taifa herufi kwa herufi, na uangalie majirani waliotajwa katika kila upande. Baada ya hapo, uhamisho wowote wa haki hiyo, uwe wa kuuza au wa mirathi, upelekwe Halmashauri ya Kijiji na uingizwe katika masjala ya ardhi ya kijiji.