Kuchagua Skrubu na Nati Zisizovutwa na Sumaku kwa Dashibodi ya Ndege ya Kujiundia

Mtu anayejiundia ndege hutumia miezi mingi kwenye mabawa na injini, kisha akifika kwenye dashibodi huchukua skrubu yoyote iliyo karibu, kwa kuwa ni kitu kidogo na yeye amekwisha choka. Hapo ndipo dira huanza kudanganya. Uga wa sumaku wa dunia ni dhaifu, kati ya maikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali ulipo, na skrubu ya chuma iliyoshika usumaku, ikikaa sentimita chache tu kutoka kwenye dira au kwenye kihisi cha sumaku kinacholisha skrini za kisasa, inatosha kuupotosha mwelekeo unaousoma.

Kabla ya kununua chochote, amua ni wapi hasa unahitaji skrubu hizo. Athari ya sumaku ndogo hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, yaani ukiuzidisha umbali mara mbili, athari inabaki sehemu moja ya nane. Mimi huchora kwa penseli duara la sentimita 30 kuizunguka dira, na ndani ya duara hilo sikubali chuma kinachovutwa. Kihisi kilichofungwa bawani au mkiani kina masharti yake katika kitabu cha mtengenezaji, na masharti hayo ndiyo ya kufuatwa. Nje ya hapo, acha bolti za mchoro zilivyo. Shaba nyeupe, ambayo mafundi wengi huiita brasi, ni laini, na mtu anayeiweka mahali pa bolti inayobeba uzito wa mwili wa ndege anahatarisha maisha ili kuokoa digrii mbili za dira. Bolti za kiwango cha AN, yaani kiwango cha kijeshi cha Marekani cha vifaa vya ndege, hujitambulisha zenyewe kichwani: alama ya msalaba au nyota ni chuma cha kawaida, mstari mmoja ulioinuka ni stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, na mistari miwili ni alumini.

Kwa kufungia vyombo vyenyewe, brasi ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa sababu haivutwi kabisa na inatosha kwa uzito wa chombo kimoja. Ila rangi isikudanganye. Skrubu nyingi za rangi ya dhahabu katika maduka ya Kariakoo na Gerezani ni chuma kilichopakwa brasi au zinki ya manjano, na ukikikwaruza kichwa kwa tupa utaona weupe wa chuma chini yake. Stenlesi nayo si jina la kuaminiwa hivihivi. Aina za 304 na 316 hazivutwi kabla ya kukandamizwa, lakini 304 inapokandamizwa baridi ili kutengeneza kichwa na hesi, sehemu yake hubadilika na kuanza kuvutwa kidogo; 316 huvumilia zaidi. Aina ya 410 huvutwa waziwazi. Titani ni nzuri na imara, ila bei yake ni kubwa. Skrubu za nailoni siziweki, kwa kuwa chumba cha rubani kilichofungwa juani hapa Dar es Salaam huwa tanuri, na nailoni yenye joto hulegea.

Kwa hiyo pima kila skrubu, moja moja. Tuliwahi kununua pakiti iliyoandikwa stenlesi, tukaimwaga juu ya meza ya mbao katika banda letu Kigamboni, mbali na vyuma vyote. Tuliweka dira ndogo ya mkononi, tukasubiri mshale utulie, kisha tukaisogeza skrubu polepole kutoka upande wa mashariki, ncha kwanza, halafu tukaigeuza kichwa kwanza. Nyingine hazikuugusa mshale hata zilipofika kwenye kioo. Nyingine, za pakiti ileile, ziliusogeza digrii tano. Usizipime kwa kuzigusisha na sumaku yenye nguvu, maana ile iliyokuwa na kasoro ndogo itaondoka hapo ikiwa sumaku kamili. Kwa sababu hiyohiyo, bisibisi yenye ncha ya sumaku isikaribie dashibodi.

Ukubwa nao una mtego wake. Vyombo vingi vya duara vya ndege, vile vya tundu la inchi 3 na 1/8, hufungwa kwa skrubu ya 6-32, yenye kipenyo cha milimita 3.5 na hesi 32 kwa inchi moja. Dukani utapewa M3.5, ambayo kipenyo chake ni kilekile, lakini hatua ya hesi yake ni milimita 0.6 badala ya karibu 0.8. Itaingia mzunguko mmoja, kisha itakwama na kuharibu hesi ya chombo cha gharama kubwa. Angalia pia urefu: skrubu iliyozidi inaweza kugusa na kuvunja vitu ndani ya chombo. Brasi ikazwe kwa vidole viwili juu ya bisibisi fupi, kwani hukatika bila onyo.

Nati husahaulika zaidi kuliko skrubu. Nati za kubana za chuma cha springi, nati zilizofungwa kwa riveti nyuma ya bamba, na hata washa, zote zipitishwe mbele ya dira.

Hewa ya chumvi ya pwani yetu inaongeza jambo jingine. Brasi ikigusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo huliwa, na utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu. Paka rangi ya kuzuia kutu ndani ya tundu na uweke washa ya alumini chini ya kichwa. Kwa kuwa rangi hiyo huzuia umeme, chombo kinachotegemea skrubu kama njia ya athi kipewe waya wake.

Na nyaya zenyewe zisionewe huruma: mkondo wa ampea 10 katika waya mmoja ulionyooka huleta karibu maikrotesla 20 kwa umbali wa sentimita 10. Sokota waya wa kwenda na wa kurudi pamoja.

Mwishoni izungushe ndege chini kila digrii 30, injini ikiwa inafanya kazi na redio zimewashwa, na uandike kadi ya dira, yaani orodha ya makosa ya dira katika kila mwelekeo. Kikomo kinachotumika sana kwa ndege ndogo ni mkengeuko usiozidi digrii 10. Kisha weka skrubu za akiba ulizokwisha zipima katika kopo lenye maandishi, na ubandike nyuma ya dashibodi kibandiko kinachomwambia fundi ajaye kwamba ndani ya duara hili hairudishwi skrubu nyingine yoyote.