Mbuzi katupa mimba, sumu ya paka ya nini?

Jamani wafugaji wa mbuzi wa maziwa wa Karatu, Mbulu na huko juu kote kwenye ubaridi, hili la sumu tuliongee wazi maana linajirudia kila msimu. Mbuzi wawili watatu wanatupa mimba, mtu anasikia kwa jirani kuwa ugonjwa unatoka kwa paka, kesho yake kashapaka dawa ya wadudu kwenye utumbo wa kuku na kuutega nyuma ya banda. Anakufa paka wa nyumbani, anakufa kimburu (paka mwitu), anakufa mondo (paka wa porini mwenye masikio makubwa) aliyekuwa anapita zake kwenye ngano, mbwa wa jirani naye humohumo, na tai akija kula mizoga na yeye kwisha. Msimu unaofuata mbuzi wanatupa tena alafu unashangaa.

Paka anahusika, sikatai. Ugonjwa ninaousema ni toksoplazma, kimelea ambaye mayai yake yanatoka kwenye kinyesi cha jamii ya paka tu, wa kufugwa na wa porini. (Fungo na kanu mnaowaita paka pori sio paka, hawatoi hayo mayai, hao kesi yao ni ya kuku.) Sasa sikilizeni vizuri. Paka anatoa mayai kwa wiki 1 mpaka 3 hivi, na kwa kawaida ni mara moja tu maishani, pale anapoambukizwa mara ya kwanza kwa kula panya au ndege mwenye kimelea. Yaani mara nyingi ni paka mdogo ndio kwanza ameanza kuwinda. Baada ya hapo mwili unajenga kinga na ni nadra kutoa mengi tena. Kwahiyo lile jike lako zee ambalo linalala juani siku nzima, kwa ugonjwa huu hatari yake ni ndogo sana, ukiliua nafasi yake haikai wazi, watakuja vijana kutoka kwa majirani ambao hawajawahi kuugua, na hao ndio wa kumwaga mayai kwa mamilioni. Umeua mwenye kinga umemkaribisha asiye nayo, na umelipia sumu juu.

Na huyo mondo je? Chakula chake kikubwa ni panya, anawasikia hata wakiwa ndani ya majani marefu kwa yale masikio yake. Kimburu hivyohivyo. Panya shamba anazaa watoto 10 au hata zaidi kwa mkupuo na mimba yake haimalizi mwezi, sasa ondoa wanaomla uone mahindi yako. Panya hao hao ndio wanaompelekea paka mdogo kimelea, kwahiyo unarudi palepale. Alafu kutega wanyamapori kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, msije mkasema hamkuambiwa.

Kazi iko kwenye chakula cha mbuzi, sio kwenye shingo ya paka. Paka anapenda kujisaidia kwenye kitu laini kikavu, na hei (majani makavu ya mifugo), pumba na mashudu yaliyoachwa wazi ni choo kizuri kuliko vyote. Mayai yakitoka bado hayajakomaa, yanahitaji siku 1 mpaka 5 kwenye hewa ndio yaanze kuambukiza. Maana yake kinyesi kikitolewa ndani ya saa 24 umeshinda, ukisubiri Jumamosi umechelewa, na najua wengi mnasubiri Jumamosi. Kifukie, usikitupe kwenye mboji ya mchicha. Dawa ya klorini ya kufulia haiyaui hayo mayai, acheni kupoteza hela, mwaga maji yanayochemka, yawe yametoka jikoni muda huohuo, sio ya vuguvugu. Kwenye udongo wenye unyevu yanaweza kukaa zaidi ya mwaka, na kwenu unyevu hauishi.

Stoo weka wavu wa nusu inchi, huo unazuia paka na panya wakubwa pia, wavu wa kuku wa kawaida panya anapita. Huna hela ya stoo nzima? Nunua pipa moja lenye mfuniko wa kubana, chakula cha humo kiwe cha majike wenye mimba peke yao. Mbuzi anabeba siku 150 hivi. Akiambukizwa mwanzoni, mimba inayeyuka ndani na wewe unadhani hakushika, katikati anatupa au anazaa kilichokauka, mwishoni anazaa kitoto dhaifu. Kwahiyo ulinzi unaanza siku anapopandwa, sio pale tumbo likionekana! Na gunia ukikuta lina kinyesi usichote juu ukaacha chini, tupa lote.

Paka mkubwa mwache, ila mhasi, jike lifungwe kizazi akifika miezi 4 mpaka 6, hapo hutakuwa na watoto wa paka kila mara na hatazaliana na kimburu, maana kimburu halisi wanapotea kwa kuchanganyika na paka wetu. Mchanje kichaa cha mbwa na magonjwa ya paka, ya kwake yanavuka mpaka porini. Usimpe nyama mbichi wala kondo la nyuma.

Mimba iliyotupwa usiishike kwa mikono mitupu, na mama mjamzito asisogee kabisa. Usihukumu kwa macho pia, brusela na homa ya bonde la ufa nazo zinatupa mimba na zinaingia kwa binadamu. Weka kitoto na kipande cha kondo kwenye mfuko mara mbili, ndani ya kipozeo chenye barafu, visigande, vimfikie daktari wa mifugo ndani ya saa 24 pamoja na damu ya mbuzi aliyetupa. Kinachobaki fukia mita 1 kwenda chini, mawe juu, mbali na kisima. Maziwa yachemshwe.

Mkikutana na mondo au kimburu mchana kweupe haogopi watu, huenda ana kichaa cha mbwa, msimguse, piga simu kwa afisa wanyamapori. Aking'ata mtu, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwanza, alafu hospitali siku hiyohiyo.

Msimu ujao ukiona majike yanafikisha siku zao na vitoto vinasimama kunyonya vyenyewe, basi pipa linafanya kazi, usiliondoe.