Namna ya Kupanga Safari ya Mwambao kwa Msafiri Atokaye Kigoma au Tabora

Mtu aliyekulia Kigoma hudhani kwamba pwani haina jipya la kumfundisha, kwa kuwa mchanga, mitumbwi na upepo amevizoea tangu utotoni. Lakini maji ya Ziwa Tanganyika hayapwi na kujaa kwa saa, ilhali Bahari ya Hindi hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50. Mimi nilijifunza hilo Bagamoyo, nilipoacha viatu mchangani hatua thelathini kutoka majini, kama ambavyo ningefanya Kibirizi, ufukweni kwetu Kigoma, nikaenda kununua pweza wa kukaanga. Niliporudi kiatu kimoja kilikuwa kinaelea, na cha pili sijakiona mpaka leo. Kwa sababu hiyo nashauri uanze na kalenda kabla ya kuchagua miji.

Epuka masika, yaani Machi hadi Mei, kwa kuwa mvua huwa nyingi na baadhi ya hoteli za visiwani hufunga. Juni hadi Septemba hewa huwa ya kupendeza, ila kusi huvuma na boti ya Zanzibar huyumba kiasi cha kumtapisha hata mvuvi wa ziwani. Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi, joto ni kali na lenye unyevu, na mtu wa Tabora aliyezoea ukavu wa bara ndiye atakayelalamika zaidi. Ukishapata mwezi wa safari, tazama mwezi wa mbinguni. Wavuvi wetu wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi kali kwa kuwa taa zao hazishindi mwanga wake, na hesabu hiyohiyo itakufaa pwani: mwezi unapokuwa mpevu, na tena unapoandama, huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa mbali sana, na katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana.

Kuhusu njia, reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 bado ndiyo safari yenye mengi ya kutazama, ingawa huchukua takribani siku mbili na ratiba yake ni lazima iulizwe stesheni siku chache kabla. Asiye na subira ateremke Dodoma na kupanda treni ya umeme, iliyoanza kufika huko mwaka 2024, ambayo humfikisha Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi. Akumbuke tu kuacha nafasi ya kutosha kati ya treni hizo mbili, kwa sababu stesheni mpya ya Dodoma haiko mahali pamoja na ile ya zamani. Atakayekwenda kwa basi atashukia Mbezi, kwenye kituo kikuu, mbali na katikati ya jiji.

Dar es Salaam yenyewe siku mbili zinatosha: Makumbusho ya Taifa, soko la samaki la Feri kabla jua halijakolea, na Kariakoo kwa mwenye orodha ya nyumbani. Siku zako zilizo bora zipeleke Bagamoyo, kiasi cha kilomita 75 kaskazini, kwa kuwa Ujiji na Bagamoyo ni ncha mbili za njia moja ya misafara, na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu walipitia Tabora. Anzia kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, uone mnara ambamo mwili wa David Livingstone uliwekwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi mingi kutoka bara. Aliyewahi kusimama chini ya miembe ya Ujiji, mahali ambapo Stanley alimkuta mzee huyo mwaka 1871, atauelewa urefu wa mwendo ule kuliko mgeni aliyetoka hoteli ya jirani. Kisha nenda magofu ya Kaole alasiri, ukayatazame makaburi ya nguzo na msikiti wa karne ya 13 jua likiwa limepungua.

Kwa Zanzibar, kata tiketi ya boti dirishani na uwe na kitambulisho chako mkononi. Niliwahi kununua kwa kijana aliyenisogelea bandarini akiniita "mjomba", nikalipa zaidi na bado nikapanga foleni. Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, utembee kwa miguu asubuhi, ukifika Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Vaa nguo za heshima, na ukifika Ramadhani usile njiani mchana. Mwenye nia ya kuogelea aende Nungwi au Kendwa, ambako maji hayakimbii mbali. Paje na Jambiani, siku za bamvua, bahari huondoka mbele ya macho na kuacha wazi mashamba ya mwani, jambo zuri la kutazama lakini la kumkera aliyekwisha kuvaa nguo za kuogelea.

Ikibaki pesa, chagua moja tu: Mafia kwa papa potwe, kati ya Oktoba na Machi, au Kilwa. Mimi ningechagua Kilwa. Kibali cha kuingia Kilwa Kisiwani hutolewa Kilwa Masoko, kisha huvuka kwa chombo hadi kwenye msikiti mkuu, katika mji ambao Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, aliutembelea mwaka 1331. Kabla ya kupanda, muulize nahodha maji yanapwa saa ngapi, usije ukarudi ukipita kwenye tope la mikoko na viatu mkononi.