Kabla Hujalipia Nafasi: Kupima Mfuko wa Chuo Kikuu cha Kikristo Marekani

Barua ya kukubaliwa imefika. Chini ya jina la mkuu wa chuo kuna mstari wa Biblia, na ufadhili ulioahidiwa unapunguza ada kwa nusu. Usharika umeanza kuchanga, shangazi aliye Texas ameahidi tiketi. Kabla hamjatuma malipo ya kushikilia nafasi, na kabla hamjalipa dola 350 za SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) na dola 185 za maombi ya viza, fedha ambazo hazirudi, tengeni jioni mbili za kuchungulia hesabu za chuo chenyewe.

Tunasema hivi kwa sababu vyuo vya Kikristo Marekani vinafungwa, na vingine ni vikongwe. Iowa Wesleyan, chuo cha Wamethodisti kilichoanzishwa mwaka 1842, kilifungwa mwaka 2023. Mwaka huohuo Alliance University ya New York, iliyotokana na shule ya wamisionari ya mwaka 1882, ilinyang'anywa ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwa ubora wake, mwezi Juni na kufunga milango mwishoni mwa Agosti. Concordia ya Portland, ya Walutheri, ilitangaza Februari 2020 kwamba muhula uliokuwa ukiendelea ndio wa mwisho. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokosa ibada au walimu wema. Fedha ndiyo iliyopungua, mwaka baada ya mwaka, na kupungua kwenyewe kulikuwa kumeandikwa katika karatasi ambazo mtu yeyote angeweza kuzisoma.

Mwanafunzi wa kutoka Arusha au Kisumu huumia kuliko mwenzake wa Kimarekani. Mmarekani aliyesoma kwa mkopo wa serikali ya shirikisho anaweza kufutiwa mkopo huo chuo kikifungwa kabla hajamaliza. Mgeni hapewi mkopo ule, kwa hiyo hana cha kufutiwa. Ada aliyolipa ni ng'ombe waliouzwa na michango ya watu, na akiidai anapanga foleni nyuma ya benki. Tena ukaaji wake nchini umefungamana na fomu ya I-20, hati anayoombea viza ya masomo, ambayo imetolewa na chuo hichohicho.

Anzeni na Fomu 990. Ni ripoti ambayo taasisi zisizo za faida hupeleka kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, na sheria inataka iwe wazi kwa umma. Inapatikana bure kwenye tovuti ya ProPublica, sehemu iitwayo Nonprofit Explorer. Andika jina la chuo na jimbo lake. Pakua za miaka mitano. Vyuo vingi hufunga mwaka wa fedha 30 Juni, fomu hudaiwa katikati ya Novemba, na wengi huomba nyongeza ya miezi sita, kwa hiyo mnachosoma ni hali ya mwaka mmoja au miwili iliyopita. Ndiyo maana mwelekeo wa miaka mitano una maana kuliko namba ya mwaka mmoja.

Baadhi ya vyuo vilivyo chini ya kanisa moja kwa moja vimesamehewa fomu hii. Msikate tamaa hapo. Chuo kinachopokea fedha nyingi za serikali kwa ajili ya wanafunzi wake hulazimika kufanyiwa ukaguzi maalumu, na ripoti hiyo huwekwa kwenye tovuti ya fac.gov. Vichache, kama Grove City College, vimekataa fedha hizo kwa msimamo, na huko itawabidi kuomba hesabu zilizokaguliwa kwa barua. Kukosekana kwao kwenye orodha za serikali si dalili ya ugonjwa.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa Fomu 990 angalieni mistari mitatu: wa 12 ni mapato, wa 18 ni matumizi, wa 19 ni tofauti yake. Hasara ya mwaka mmoja haitishi. Huenda chuo kiliuza hisa zikiwa zimeshuka bei, au uchakavu wa majengo umehesabiwa kama gharama ingawa hakuna shilingi iliyotoka. Hasara ya miaka mitatu mfululizo ni jambo jingine. Na jihadharini na miaka ya 2021 na 2022: serikali ya Marekani ilimwaga fedha za dharura za Korona vyuoni, na chuo kilichokuwa kikizama kilionekana kinaelea. Pakueni pia fomu ya mwaka 2019, muilinganishe na za kuanzia 2023, mkiruka zile za katikati.

Sasa nendeni Sehemu ya X ya fomu hiyo, mizania, yaani orodha ya mali na madeni. Watu wengi hudanganyika hapa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukulia chuo chenye mali ya dola milioni 60 na madeni ya jumla milioni 30. Mali halisi iliyobaki ni milioni 30, na mkuu wa chuo atawatajia namba hiyo kwa fahari. Lakini milioni 6 kati ya hizo ziko mstari wa 28: ni mfuko wa wakfu, fedha ambazo wafadhili wametoa kwa masharti, na katika mfano wetu shina lake haliguswi milele. Zimebaki milioni 24 katika mstari wa 27, zisizo na masharti. Je, zipo benki? Tazama mstari wa 10c: ardhi, majengo na vifaa, milioni 38. Mikopo iliyojenga majengo hayo, mistari ya 20 na 23, ni milioni 18. Toa 38 kwenye 24, kisha rudisha 18, maana deni hilo liko ndani ya majengo uliyokwisha kuyatoa. Jibu ni milioni 4. Hiyo ndiyo fedha ambayo chuo kinaweza kuitumia kweli bila kuuza kanisa na mabweni. Matumizi ya mwaka yakiwa milioni 40, milioni 4 ni siku 36 za maisha.

Siku 36 maana yake ni kwamba ada ya muhula ikichelewa kidogo, mishahara inakopwa. Kwa maoni yetu, chuo chenye akiba chini ya miezi mitatu kiulizwe maswali mengi, na chenye namba hasi, yaani kilichokwisha kula hata cha kesho, familia isiyo na pa kukimbilia isikiingie.

Idara ya Elimu ya Marekani ina alama yake ya afya ya fedha, kuanzia −1.0 hadi 3.0. Kufaulu ni 1.5. Kati ya 1.0 na 1.4 chuo huruhusiwa kuendelea chini ya uangalizi. Chini ya 1.0 hutakiwa kuweka dhamana ya benki au masharti mengine magumu. Alama inatokana na mambo matatu: akiba dhidi ya matumizi (uzito wa asilimia 40), mali halisi dhidi ya mali yote (40), na faida au hasara ya mwaka (20). Tuipime kwa chuo chetu cha mfano, mapato yakiwa milioni 39. Akiba ni 0.1 ya matumizi, mara 10 (vizidisho hivi vimewekwa na Idara), inapata 1.0. Mali halisi ni nusu ya mali yote, 0.5 mara 6, inapata 3.0, alama ya juu kabisa. Hasara ya milioni 1, kwa kanuni ya Idara hiyohiyo, inaleta kama 0.36. Zidisha kwa uzito wake, jumlisha: karibu 1.7.

Kimefaulu. Chuo chenye siku 36 za akiba na kinachopata hasara kimefaulu, kwa sababu majengo yamekibeba. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Tumieni alama hii kama kizingiti cha kumkatalia asiyefika, wala msiitumie kama cheti cha afya kwa aliyefika. Na takwimu zake hutangazwa zikiwa zimechelewa, kwa hiyo ombeni chuo kiwape alama ya mwaka wa karibuni.

Wanafunzi ndio mapato. Vyuo vingi vya Kikristo havina mfuko mkubwa wa wakfu. Vinaishi kwa ada, mabweni na chakula. Kwenye tovuti ya serikali iitwayo College Navigator tafuteni idadi ya wanafunzi na asilimia ya wa mwaka wa kwanza wanaorudi mwaka wa pili. Idadi ikishuka kwa robo ndani ya miaka mitano huku majengo na wafanyakazi wakibaki walewale, hesabu haziwezi kukaa sawa. Tenganisheni pia wanafunzi wa darasani na wa mtandaoni. Concordia ilikua haraka kwa shahada za uzamili za ualimu mtandaoni huku mkandarasi akichukua sehemu kubwa ya ada. Wingi wa vichwa haukuwa wingi wa fedha.

Hapohapo kuna mtego wa punguzo. Vyuo binafsi vya Marekani hutangaza ada kubwa kisha hurudisha zaidi ya nusu yake kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa jina la ufadhili. Mara nyingi hakuna mfadhili: ni bei iliyoshushwa. Kwa hiyo tangazo kwamba ada imepanda halimaanishi mapato yamepanda. Kwenye hesabu zilizokaguliwa tafuteni ada halisi baada ya punguzo, igawanyeni kwa idadi ya wanafunzi, na mlinganishe miaka mitano. Ikiwa inashuka, chuo kinanunua wanafunzi kwa hasara. Kuhusu barua yenu wenyewe, ulizeni kwa maandishi: ufadhili huu unatoka kwenye mfuko wenye fedha au ni punguzo? Ni wa miaka minne au wa mmoja unaoweza kuongezwa? Ada ikipanda, nao unapanda? Punguzo ambalo hakuna mkataba unaolilinda ni jepesi kukatwa fedha ikibana.

Madeni yasomwe pamoja na masharti yake. Benki na wenye hati fungani huweka kiwango cha hali ya fedha ambacho chuo kisishuke chini yake, na kikishuka wana haki ya kudai mkopo wote kwa mara moja. Iowa Wesleyan ilikuwa na mkopo mkubwa kutoka Wizara ya Kilimo ya Marekani, na kampasi yake ilikuwa dhamana. Chuo kikiwa na hati fungani za umma, taarifa zake zinasomeka bure kwenye tovuti ya EMMA. Kuuza ardhi kulipia matumizi ya kawaida ni dalili mbaya, maana ardhi huuzwa mara moja tu. Vivyo hivyo kuchota kwenye wakfu: asilimia 4 hadi 5 kwa mwaka ni kawaida, baadhi ya majimbo huhesabu kuvuka 7 kuwa dalili ya kukosa busara.

Swali ambalo waumini huona haya kuliuliza ni hili: kanisa linabeba deni? Kwa kawaida chuo kimesajiliwa kama shirika linalojitegemea, na dayosisi au sinodi hailazimiki kulipa chochote, hata kama askofu ni mwenyekiti wa baraza. Ulizeni kanisa lilitoa kiasi gani kwa fedha taslimu kila mwaka kwa miaka mitano, na kama lina dhamana ya maandishi kwa mkopo wowote. Kuuliza si kukosa imani. Yesu mwenyewe alimsema mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama.

Someni barua ya mkaguzi wa hesabu mpaka mwisho. Akiandika kwamba kuna shaka kubwa kama chuo kitaweza kuendelea na shughuli zake, anazungumzia mwaka mmoja tu ujao. Shahada yenu ni ya miaka minne. Nendeni pia kwenye tovuti ya chombo cha ithibati, kama Middle States au Higher Learning Commission, mtafute hali ya chuo. Onyo bado linatibika. Kuwekwa chini ya uangalizi ni zito zaidi. Chuo kikitakiwa kujieleza kwa nini kisifutiwe ithibati, msilipe.

Andikieni ofisi ya fedha barua pepe moja fupi yenye maombi manne: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, alama ya Idara ya Elimu ya miaka hiyo, barua ya mwisho ya chombo cha ithibati, na idadi ya wanafunzi wa muhula wa Septemba kwa miaka mitano. Chuo kilicho salama hujibu ndani ya wiki mbili. Kinachojibu kwa kipeperushi na baraka nacho kimejibu.

Mkiamua kuingia, lipeni muhula kwa muhula, hata mkiahidiwa nafuu kwa kulipa mwaka mzima. Kila muhula ukiisha mwanafunzi achukue transkripti rasmi, ahifadhi muhtasari wa kila somo na kila I-20 aliyopewa. Chuo kipya hakiwezi kutambua somo lisilo na ushahidi. Na zikivuma habari za mishahara kuchelewa au michango ya pensheni kusimamishwa, aende mapema kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni. Ni yeye anayeachilia rekodi ya SEVIS iende chuo kingine, na masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi 5. Uhamisho huo uombwe wakati ofisi ile bado ina mtu wa kubonyeza kitufe.